UZI: Kampuni ilimiliki mgodi, nyumba, duka na daktari. Maisha ya familia za wachimba makaa ya mawe West Virginia

#1 Mzee wa Lori

Wakuu, salaam.

Juzi humu kulikuwa na ubishi wa mgodi gani duniani umeua watu wengi zaidi. Kila mtu akaja na idadi yake, uzi ukaishia kwenye matusi kama kawaida yetu. Mimi niliona tunapitwa na jambo. Mlipuko ni wa siku moja: waandishi wanakuja, viongozi wanakuja, watu wanazikwa. Waliokula msoto wa makaa ya mawe miaka nenda rudi ni familia, na msoto wenyewe ulikuwa wa siku za kawaida, tena nyumbani zaidi kuliko shimoni.

Nachukua mfano wa West Virginia, Marekani. Naishi Ohio, ng'ambo tu ya mto, na lori limenipeleka kule mara nyingi. Ni milima mitupu. Mabonde ni membamba mpaka barabara, reli, kijito na nyumba vinagombania ukanda mmoja wa ardhi. Kumbukeni hilo, maana ndilo lililowafunga watu. Kampuni ikishanunua bonde, imenunua kila kitu kilichomo.

Tuanze na malipo. Miaka ile ya mwanzo wa karne ya 20, mchimbaji hakulipwa kwa saa. Alilipwa kwa tani za makaa alizopakia kwenye behewa. Kusimika magogo ya kushikilia dari, kuondoa mawe, kutandika reli ya kufikia makaa, kuchota maji yaliyojaa, yote hayo aliyafanya bure. Sasa mpe mtu huyo watoto sita, msimamishe chini ya dari linalolia, umuulize: utapoteza saa mbili kusimika nguzo bila senti, au utapakia behewa moja zaidi? Wakubwa walipenda sana kuandika "uzembe wa mchimbaji" kwenye ripoti za vifo.

Na behewa nani analipima? Mtu wa kampuni. Akiona mawe yamechanganyika na makaa anakata, na akikata hakuna wa kumuuliza. Ndiyo maana chama cha wachimbaji, UMWA, kilichoundwa 1890, kilidai tangu mapema wachimbaji wawe na mtu wao kwenye mizani. Wakulima wa pamba na korosho mnaosoma hapa sina haja ya kuwafafanulia.

Halafu duka. Mshahara ulitoka mara moja au mbili kwa mwezi, na unga hausubiri mwisho wa mwezi. Mama anakwenda ofisini, anapewa sarafu za kampuni, vipande vya chuma vyenye jina la kampuni, zinakatwa kwenye mshahara ambao mume hajaushika. Sarafu hizo ni za duka la kampuni. Ukitaka kuzigeuza dola kwa mtu wa pembeni, anakulalia. Bei za duka mara nyingi zilikuwa juu kuliko za mjini, lakini mji uko wapi? Nyuma ya milima miwili. Siku ya malipo ikifika, karani anasoma makato: kodi ya nyumba, daktari wa kampuni, baruti, mafuta ya taa ya kichwani, kunoa sululu, deni la dukani. Wapo waliotoka mle ofisini bila kitu mkononi, wakapitia dukani kukopa tena.

Nyumba ndiyo ilikuwa kitanzi chenyewe. Mahakama za kule zilikubali hoja ya makampuni kwamba mchimbaji si mpangaji, ni mtumishi anayelala kwa mwajiri. Kazi ikiisha, haki ya kulala imeisha. Ukijiunga na chama, nje. Ukivunjika mguu usiweze kuchimba, nje. Ukifa, mjane anapewa muda wa kuzika na kufungasha, isipokuwa awe na kijana wa kuingia shimoni badala ya baba. Watoto wengi wa kiume waliacha shule kwa sababu hiyo, ili mama asitolewe kwenye nyumba.

Mei 19, 1920, walinzi wa kukodi wa Baldwin-Felts walishuka kwenye treni mji wa Matewan, wakaenda kutoa nje vyombo vya familia za waliojiunga na chama. Vitanda, sufuria, watoto, vyote mvuani. Mkuu wa polisi wa mji, Sid Hatfield, alikuwa upande wa wachimbaji, meya naye hivyohivyo. Walipokutana karibu na stesheni risasi zikalia, wakafa watu kumi: walinzi saba, meya, na wachimbaji wawili. Mwaka uliofuata, Agosti 1, Hatfield aliuawa kwenye ngazi za mahakama ya Welch, akiwa na rafiki yake, wake zao pembeni. Mwezi haukuisha, wachimbaji kama 10,000 wakashika bunduki kuelekea mlima wa Blair. Wapenda vita mtakwenda kusoma wenyewe. Mimi nataka mjue kwamba katika miezi hiyo yote, kuanzia 1920, familia zilizotimuliwa zililala kwenye mahema kando ya vijito, na majira ya baridi ya kule mimi nayajua.

Naishia hapa kwa sasa, zamu inaanza. Ongezeni mnayoyajua.

#2 Kijiti Kikavu

Mzee wa Lori, uzi mzito. Lakini swali la kijinga: mbona hawakuhama? Marekani ni kubwa. Mtu mzima na akili zake anakaa bondeni ananyonywa miaka ishirini?

#3 Mwana Rungwe

Kijiti, na manamba wa mkonge Tanga mbona hawakuhama? Kipande, ile kadi ya siku za kazi, hakijajaa siku thelathini hulipwi, nauli ya kurudi kwenu huna, na kule kwenu kodi ya kichwa inakungoja. Kuhama nako kunataka mtaji.

Sisi wa Rungwe na Kyela tuna yetu pia. Babu zetu walikwenda na "Wenela", shirika la kukusanya vibarua wa migodi, kuchimba dhahabu Johannesburg. Najua ni dhahabu, si makaa, ila ya nyumbani ni yaleyale. Bibi zetu walilima peke yao, wakazika watoto peke yao, mzee anarudi na baiskeli, blanketi na kifua. Kile kikohozi tulikua tunakisikia ukutani. Kijijini walisema karogwa na wenye wivu na baiskeli yake.

Baadaye wachimbaji wa dhahabu wa zamani walikuja kulipwa kwa ugonjwa wa mapafu baada ya kesi kubwa kule Afrika Kusini, lakini makubaliano yanahusu waliofanya kazi kuanzia Machi 12, 1965. Babu zetu wengi walikuwa wamesharudi na wengine wameshazikwa.

#4 Mzee wa Lori

Mwana Rungwe amenisaidia kujibu. Naongeza tu kwamba wengi walihama, ila baadaye, na wengi walihamishwa na mashine. Mwaka 1950 kiongozi wa UMWA, John L. Lewis, alikubaliana na matajiri: leteni mashine, ila kila tani ichangie mfuko wa matibabu na pensheni. Ukiuliza wazee wa kule wengine watamsifu mpaka kesho, maana chama kilijenga hospitali kumi kwa fedha hizo, zikafunguliwa 1956, mahali ambapo kabla yake palikuwa na daktari wa kampuni tu. Wengine watakuambia aliwauza. West Virginia ilikuwa na wachimbaji zaidi ya 100,000 mwishoni mwa miaka ya 1940. Mwanzoni mwa miaka ya 1960 hawakufika 50,000. Mimi naona wote wawili wana haki ya kusema wanachosema.

Wilaya ya McDowell ilikuwa na watu karibu 99,000 mwaka 1950. Sensa ya 2020 imekuta kama 19,000. Waliobaki miaka ile ya sitini walibaki na nini? Mei 29, 1961, stempu za kwanza za chakula (vocha za serikali za kununulia chakula) chini ya mpango wa Rais Kennedy zilitolewa hukohuko McDowell, kwa mchimbaji asiye na kazi. Nyumba yake ilikuwa na watu 15, akapewa za dola 95. Aliyezoea sarafu za kampuni sasa ana stempu za serikali, bado hana pesa ya kununua anachotaka anapotaka.

#5 Mbinga Kwetu

Nasoma nikiwa Songea hapa, malori ya makaa yanapita kuelekea bandari ya Mtwara usiku kucha. Vumbi la barabarani tunalijua, nguo hazianikwi upande ule. Swali langu: na watu weusi walikuwepo kwenye hiyo migodi ya Marekani? Maana picha ninazoona ni wazungu watupu wenye masizi.

#6 Mzee wa Lori

Walikuwepo, tena maelfu. Walitoka Virginia, Alabama, Carolina kote huko, wakikimbia mashamba na sheria za ubaguzi. Makampuni yaliwachukua kwa makusudi pamoja na Waitaliano, Wahungaria na Wapolandi, yakidhani watu wasioelewana lugha hawataweza kugoma pamoja. Walikosea. Ule mwendo wa Blair weusi na weupe walikwenda pamoja.

Usije ukadhani ilikuwa peponi. Shimoni tani ni tani, bei moja. Ukitoka nje, shule tofauti, makanisa tofauti, na nyumba za weusi mara nyingi zilikuwa upande mbaya wa kijito, karibu na tanuri za kuchomea makaa kuwa koki ya viwanda vya chuma, zenye moshi. Mashine zilipoingia miaka ya hamsini, walioachishwa mwanzo ni wao, kwa sababu kazi za kupakia kwa mkono ndizo walizobanwa nazo. Waliokwenda Detroit na Cleveland, wajukuu wao wengine leo hawajui kabisa kwamba babu alikuwa mtu wa makaa.

#7 Binti Pwani

Mimi niko Cardiff, Wales, mwaka wa kumi na kitu sasa. Jamani mmeongea habari za wanaume mpaka ukurasa umeisha. Naomba niwaletee habari ya maji.

Kwenye mabonde ya huku, mchimbaji alirudi nyumbani na masizi yote mwilini. Bafu la mgodini hakuna. Beseni la bati linawekwa mbele ya moto jikoni, mama anabeba maji kutoka bombani au kijitoni, anachemsha, anamwagia, anasugua mgongo, anakwenda kumwaga, anaanza upya kwa anayefuata. Sasa nyumba ina baba, vijana watatu na mpangaji mmoja, na zamu zao hazilingani. Huyu anatoka alfajiri, yule mchana, yule usiku. Mama analala saa ngapi? Na zile nguo zina vumbi la makaa, anazipiga ukutani, vumbi linamrudia puani yeye na mtoto mgongoni. Wanawake waliharibikiwa mimba kwa kunyanyua yale masufuria, na watoto waliungua kwa maji ya moto jikoni kiasi cha kuwa habari ya kawaida mtaani.

Mwaka 1919 serikali ya Uingereza iliunda tume kuhusu migodi. Elizabeth Andrews, mke wa mchimbaji kutoka bonde la Rhondda, alikwenda London kutoa ushahidi, akaeleza hayohayo ya maji, mimba na migongo, akadai bafu zijengwe migodini. Mwaka uliofuata sheria ikaanzisha mfuko wa ustawi wa wachimbaji, na bafu nyingi zilikuja kujengwa kwa fedha za mfuko huo. Kuna wanaume waliopinga mwanzoni, ati ni aibu kuoga mbele ya wenzao, na wengine waliamini kuosha mgongo kila siku kunaudhoofisha. Wakati huo wa kubeba maji si wao.

Mkitaja mashujaa wa makaa mnaanza na bunduki. Mimi naanza na huyo mama.

#8 Kijiti Kikavu

Dada hapo umenikalisha. Kwetu watu hawaamini kwamba Mzungu alikuwa anaoga kwenye karai.

#9 Binti Pwani

Alioga, tena maji ya nne 😂

Nikija kwenye lisilochekesha: kuna kijiji kinaitwa Aberfan, si mbali na hapa. Uchafu wa mgodi ulirundikwa mlimani juu ya kijiji, lundo juu ya lundo. Lundo namba 7 liliwekwa juu ya chemchemi. Watu waliona, wakasema. Mwaka 1963 halmashauri iliandika barua kuhusu hatari ya tope la makaa nyuma ya shule za Pantglas. Oktoba 21, 1966, Ijumaa asubuhi, kama saa tatu na robo, watoto ndio kwanza wamekaa madarasani, lundo likaporomoka. Wakafa watu 144, watoto wakiwa 116. Baba zao walipandishwa kutoka shimoni, wakaja kuchimba kwa majembe yaleyale.

Halafu sikilizeni hii. Watu wa dunia nzima walichanga fedha kwa ajili ya familia. Malundo mengine yalikuwa bado yapo juu ya kijiji, wazazi wakataka yaondolewe, shirika la taifa la makaa halikutaka kubeba gharama yote. Mfuko wa michango ya wafiwa ukalazimishwa kutoa pauni 150,000. Yaani rambirambi ya mtoto wako ndiyo inalipia kuondoa kilichomuua. Zilirudishwa 1997, bila riba. Fedha iliyokaribia thamani yake halisi ilikuja 2007, miaka arobaini na moja baadaye.

Na huo mgodi haukuwa wa tajiri binafsi. Ulikuwa wa umma, umetaifishwa tangu 1947. Wale wa "serikali ikichukua kila kitu kitakaa sawa" waniambie.

#10 Mtoa Hoja

Naomba kutofautiana kidogo na uzi mzima. Mnaeleza kama vile makaa yalileta dhiki tu. Hao wachimbaji wa Wales walijenga maktaba kwa makato ya mishahara yao. Pale Tredegar walikuwa na mfuko wao wa matibabu, kila mtu anachangia, familia nzima inatibiwa, na Aneurin Bevan aliyetoka palepale ndiye aliyekuja kuanzisha NHS, huduma ya afya ya taifa ya Uingereza, mwaka 1948. Vijiji vile vilikuwa na bendi, kwaya, timu za raga. Migodi ilipofungwa baada ya mgomo wa wachimbaji wa 1984 hadi 1985, ndipo watu walipoona dhiki ya kweli: kijana hana kazi, baba hana kazi, dawa za kulevya zinaingia. Ukimuuliza mzee wa kule leo, anautamani mgodi.

#11 Binti Pwani

Mtoa Hoja, sikukatalii hata neno. Wazee wa huku wanautamani kweli. Ila wachunguze vizuri wanachokitamani: wanatamani wenzao, mshahara wa Ijumaa, na kuheshimiwa. Sijakutana na bibi anayetamani lile beseni.

#12 Nesi wa Zamu

Nimefanya kazi wodi ya vifua, nchi siitaji. Naomba niongelee mapafu, maana hapo ndipo familia inapolipa kwa muda mrefu.

Vumbi la makaa likiwa laini sana linapita pua, linapita koo, linafika mwisho kabisa kwenye vifuko vya hewa. Mwili hauna namna ya kulitoa. Unalizungushia kovu. Makovu yakiwa mengi pafu linakuwa gumu, halitanuki. Hakuna dawa ya kuliondoa. Mgonjwa akiacha mgodi leo, makovu yanaweza kuendelea kukua miaka ijayo. Walio na hali mbaya kabisa husubiri kupandikizwa mapafu mengine, na si wote wanafaa.

Nyumbani inakuwaje? Halali kitandani, analala kwenye kiti ameegemea mbele. Hawezi kufika chooni bila kupumzika njiani. Mkewe anajifunza kusikiliza mashine ya oksijeni usingizini, mashine ikibadilisha mlio anaamka. Umeme ukikatika ni kukimbilia mtungi. Mtu aliyekuwa anabeba gogo begani anashindwa kumbeba mjukuu, hasira zote zinaishia kwa mama wa nyumbani.

Madaktari wa makampuni kwa miongo mingi waliwaambia ni pumu ya kawaida, au ni sigara. Wengine waliwaambia vumbi halina madhara.

#13 Mzee wa Lori

Asante sana Nesi. Kule West Virginia kilichovunja ukimya ni mgodi wa Farmington, Novemba 20, 1968, walikufa 78. Televisheni zilikuwa zimeingia majumbani, nchi nzima ikaona moshi na wake wakingoja kwenye duka la kampuni, ambako ndiko walikopewa taarifa. Miezi mitatu baadaye, Februari 1969, wachimbaji kama 40,000 waligoma kudai ugonjwa wa mapafu utambulike na ulipwe fidia. Mgomo huo hata viongozi wa juu wa chama hawakuuitisha. Walisimama na madaktari watatu, Buff, Rasmussen na Wells, waliozunguka vijijini wakionyesha watu mapafu ya marehemu, wakiwaeleza walichokuwa wakifichwa. Mwaka huohuo ikapita sheria ya taifa ya usalama na afya ya migodi ya makaa, ikaweka kikomo cha vumbi.

Mtu angedhani yameisha. Kwa takwimu za serikali yao, wachimbaji zaidi ya 76,000 wamekufa kwa ugonjwa huo tangu 1968. Na mwaka 2018 watafiti walitoa taarifa ya wagonjwa 416 wa ile hali mbaya kabisa, kutoka kliniki tatu tu za kusini magharibi mwa Virginia. Wamo wenye miaka arobaini na kitu. Sababu ni kwamba makaa mazuri yameisha. Tabaka lililobaki ni jembamba, mashine inakata na mwamba wa juu na wa chini, na vumbi la mwamba lina silika, kali kuliko la makaa.

Na vipimo vya vumbi vilichezewa. Wazee wanasimulia, na kesi zimefika mahakamani: mchimbaji anavalishwa kipimo, msimamizi anamwambia kiweke kule penye hewa safi, la sivyo mgodi utafungwa na wote mtakosa kula. Atakataa vipi? Rehani ya nyumba iko shingoni. Enzi za nyumba za kampuni zimepita, benki imekaa palepale.

#14 Mbinga Kwetu

Duh. Na ule upande wa malundo kama ya Aberfan, Marekani vipi?

#15 Mzee wa Lori

Upo, na unaniuma kuliko mengine. Buffalo Creek, wilaya ya Logan, Februari 26, 1972, Jumamosi asubuhi. Kampuni ilikuwa imeziba kijito kwa takataka za mgodi, nyuma yake tope na maji vimejaa. Siku nne kabla, mkaguzi alipita akaona ni shwari. Bwawa hilo lilipopasuka, maji meusi yaliteremka bonde lenye vijiji kumi na sita na watu kama 5,000. Walikufa 125, na zaidi ya 4,000 wakabaki bila nyumba. Kampuni ikasema ni tendo la Mungu.

Serikali ya jimbo ilifungua madai ya dola milioni 100. Mwaka 1977 gavana Arch Moore, akiwa amebakiza siku tatu tu madarakani, akamaliza kesi kwa milioni moja.

Jambo ambalo watu hawalisemi ni kilichofuata. Waliookoka walipewa nyumba za magurudumu, ila waligawiwa kwa foleni, bila kuangalia nani alikuwa jirani wa nani. Bonde lile watu waliishi ukoo kwa ukoo, mtoto wa huyu analelewa na yule, ukiumwa jirani anajua kabla hujatuma mtu. Sasa upande huu mgeni, upande huu mgeni. Waliopona mafuriko walikaa miaka hawalali mvua ikinyesha, na hawakuwa tena na wa kukaa naye hadi kuche.

#16 Kijiti Kikavu

Mimi niliyeuliza mbona hawakuhama nimekaa kimya nasoma. Swali la mwisho mzee. Huyo mchimbaji akifa kwa mapafu, mjane analipwa bila usumbufu? Au ndiyo nenda rudi za kwetu?

#17 Mzee wa Lori

Nenda rudi tena kubwa. Mabadiliko ya sheria ya 1981 yaliwataka wajane wathibitishe kwamba mume aliuawa na mapafu yale, hata kama marehemu alikuwa tayari anapokea fidia ya ugonjwa huohuo akiwa hai. Kampuni inaleta madaktari wake, wanasema ni moyo, ni sigara, ni uzee. Kwa hiyo mama, maiti ikiwa bado ina joto, anaamua kama akubali mume wake apasuliwe ili apatikane ushahidi. Wapo waliokubali na bado wakashindwa.

Mwaka 2010 seneta Robert Byrd wa West Virginia aliingiza kifungu ndani ya ile sheria kubwa ya afya ya Obama. Kama mume alikuwa ameshashinda madai yake, mjane anaendelea kulipwa bila kuthibitisha upya. Na aliyefanya kazi chini ya ardhi miaka 15 au zaidi, akawa na mapafu yaliyomlemaza, inachukuliwa ni makaa mpaka kampuni ionyeshe vingine. Kuna wajane waliokuwa wameshindwa kesi wakarudi kuomba tena.

Shida iliyobaki ni kampuni kufilisika. Ikifilisika, mzigo unahamia mfuko wa serikali, na mfuko huo una madeni. Wilaya ya Harlan, Kentucky, mwaka 2019 kampuni ilifilisika hundi za mishahara zikiwa zimeshaingia benki, zikarudi. Wachimbaji na wake zao wakaenda kukaa kwenye reli, wakazuia treni ya makaa isipite, wakapika na kulala palepale wiki kadhaa. Kesi iliisha kwa wao kulipwa. Walikaa relini kwa sababu makaa yale walikuwa wameyachimba wao na yalikuwa hayajalipiwa.

#18 Mwana Rungwe

Mzee, ukipata nafasi fungua uzi wa Enugu, Nigeria. Novemba 18, 1949, bonde la Iva, polisi wa mkoloni waliwapiga risasi wachimba makaa, wakafa 21. Hao ni wa kwetu kabisa na humu sijaona anayewataja.

#19 Mzee wa Lori

Nautayarisha, Mwana Rungwe. Nipe hadi Jumapili, nina mzigo wa kupeleka Pennsylvania.